Mwanya wa Zamda

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
25 Oktoba, 1981

Mpendwa mdogo wangu Siti,

Salamu nyingi zikufikie huko Urambo, wewe na shemeji Safari na wote waliomo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mimi pia sijambo, ila siwezi kutulia. Natumaini mguu wa shemeji unaendelea kuunga. Mwambie niliposikia ameanguka kutoka juu ya bani la kukaushia tumbaku nilisikitika kama shemeji, na baadaye nilipobaki peke yangu nikacheka kama mtani. Wazee wake walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani bila hata kuteguka, yeye anakuja kuvunjwa mguu na majani makavu. Apone upesi. Sipendi kumtania mtu aliyelala.

Na wewe mwenyewe, mgongo vipi? Unalala? Wifi yako Kijakazi anauliza kama unakula, maana anasema mama anayeuguza mume huku binti yake anaolewa mbali naye hula kwa kukumbushwa tu. Basi nakukumbusha. Kula.

Naandika barua hii juu ya meza ya cherehani, barazani pale pale unapopajua. Leo Jumapili, maduka yamefungwa, mtaa umepoa, ila ndani nyumba imejaa wanawake na harufu ya udi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimezeeka. Ni mguu wangu huu, umezoea pedali, unakanyaga wenyewe na meza inatetemeka. Nimeshainuka kwenda kunywa maji nisiyoyataka, nikarudi, nikainuka tena kwenda kutazama kama mchele bado upo. Mchele upo. Nani angeuiba, na nyumba ina walinzi wote wale?

Harusi ya binti yako Zamda ni Alhamisi hii baada ya alasiri, kabla Mfungo Nne haujaandama, kwa sababu wazee hawataki mtu aolewe katika mwezi ule. Uwakili wa kumwozesha kwa niaba ya shemeji nimeupokea na barua yake nimeipeleka kwa shehe, akaisoma, akanitazama, akauliza kama shemeji hana ndugu mwingine mwenye utulivu zaidi. Sukari tumeipata kwa foleni. Shomari, mkwe wako mtarajiwa, bado anakata tiketi za pantoni pale Magogoni, kijana mtulivu, anaongea kidogo na anasikiliza sana. Barua hii itakapokufikia, Zamda atakuwa ameshakuwa mke wa watu.

Sasa nikueleze jambo ambalo limeninyima raha. Usishtuke, Zamda ni mzima wa afya. Ni habari ya jino lake. Nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wale wenye midomo, ingawa mwenye mdomo mkubwa kuliko wote katika habari hii ni mimi.

Unajua uzi wa pamba umeadimika hapa mjini. Sisi mafundi tunashona kwa chochote kinachopita kwenye tundu la sindano. Mimi nikaenda Feri nikapata nailoni, ile wanayoshonea nyavu, nikaja nayo nikijisifu mbele ya Zamda kwamba sasa suruali itachakaa ibaki mishono. Kweli tupu. Lakini binti yako, pamoja na ufundi mzuri alioupata kwangu, amepata na ubaya wangu mmoja, kukata uzi kwa meno. Miaka yote nakata hivyo, mpaka meno yangu ya mbele yamelika yakafanya kijinjia cha uzi, kama mafundi wengi wa umri wangu. Basi Zamda akaiuma nailoni kama anavyouma pamba. Nailoni haikukatika. Jino ndilo lililokatika.

Ilimeguka kona ya jino la mbele, la juu, kulia, upande ule wa mwanya. Kwa hiyo mwanya uliokuwa dirisha ukawa mlango.

Tangu saa ile mtoto akajifunika mdomo kwa khanga. Hacheki, haongei na mtu, ukimwamkia anaitika kwa kichwa. Akasema harusi isogezwe. Kijakazi akamwambia isogezwe wapi, na mwezi ndio huo unakwisha. Shomari alikuja siku moja kuleta salamu za kwao, Zamda akaongea naye nyuma ya pazia kama anatoa ushahidi mahakamani. Nikajua hapa pana hatari ya mtoto kuolewa akiwa na huzuni, na kwa uwakili nilionao hilo lingekuwa langu.

Jirani mmoja ndiye aliyetuambia habari ya daktari wa meno kule Mchafukoge, juu ghorofani, mwenye dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino lenyewe. Unakumbuka sisi zetu: jino ama ling'olewe, ama lizibwe kwa ile ya rangi ya sufuria, ukipiga miayo watu wanaona vyombo. Hii mpya, jirani alisema, inafuata weupe wa meno ya mtu. Sikuamini, lakini tukaenda.

Daktari mwenyewe anaitwa Angelina, msichana mrefu mwenye miwani, ukikutana naye njiani utasema mwalimu wa hesabu. Amesomea meno ng'ambo. Akaniamkia kwa heshima, shikamoo mzee, nikamwitikia marahaba mwanangu, kisha nikamwuliza kwao ni wapi.

"Tabora, mzee. Sikonge."

"Aa. Mimi Mzaramo, wa Kisarawe."

Akaweka chini kioo chake cha mkono. "Mzaramo? Basi naomba unirudishie shikamoo yangu."

"Nimeshaimeza."

"Nitaitoa. Kazi yangu ni kuingia vinywani."

Siti, unanijua. Nikimpata mtani aliyekamilika huwa sijijui tena, nasahau njaa, nasahau kilichonileta. Na huyu alikuwa amekamilika. Alipomwuliza Zamda jina la baba yake akasikia ni Safari wa Urambo, akapiga makofi. "Kumbe huyu nusu ni wetu. Mzee, umeniletea mali yangu."

Kwanza akaleta vijino vya bandia vilivyopangwa kwenye kijiti, kila kimoja na weupe wake, akawa anavisogeza mdomoni kwa Zamda chini ya taa. Mimi na Zamda tukatazamana. Kila fundi anajua rangi ya uzi hailinganishwi na kitambaa chini ya taa ya umeme. Ndipo binti yako, aliyekuwa hajatoa neno tangu asubuhi, akashusha khanga akasema, "Daktari, twende mlangoni." Daktari akacheka akasema hata yeye alifundishwa hivyo, ila mlangoni kwake kila siku pamejaa wagonjwa. Tukatoka wote watatu roshani, wapita njia chini wakawa wanatuangalia. Ule weupe uliokuwa mzuri ndani, juani ukang'aa kama sahani. Zamda akachagua wa jirani yake, wenye umanjano kwa mbali. Alipochagua nikamwona anakaribia kutabasamu, na moyo wangu ukashuka mahali pake.

Tukarudi ndani. Dawa yenyewe inakaa katika vikopo viwili vidogo. Kila moja peke yake ni laini kama samli iliyoganda, lakini ukizichanganya hazingoji mtu, zinageuka jiwe ungali umeshika kijiko. Na ilikuwa imebaki ya kukwangua. Daktari alituonyesha kabisa, akasema hii inatosha jino hili moja, nyingine hajui itaingia nchini lini. Akalisafisha jino, akalipaka maji makali mpaka likapauka kama chaki, akasema hapo ndipo dawa itashika. Zamda amelala kwenye kile kiti, pamba mashavuni, mdomo wazi.

Daktari akanigeukia. "Mzee, hili lililovunjika ndilo la kwetu, hilo jingine la kwenu. Na sisi watu wa bara hatupendi kukaa mbali na jirani. Nilisogeze liguse, mwanya uzibike, au niwaachie mpaka wenu?"

"Ziba, mwanangu," nikasema. "Ziba mpaka wote. Ukimaliza uje kwangu unizibe na mdomo, mke wangu atakuletea kuku."

Akacheka, nami nikacheka. Akamwinamia Zamda akamwuliza, sawa bibi harusi? Zamda akafumba macho. Mimi nikaona mtoto amechoka na upuuzi wetu. Daktari akaona amekubali.

Nikatoka tena roshani kupunga upepo, nikijipongeza kwa jibu nililotoa. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, daktari analing'arisha jino kwa kikanda chembamba cha msasa. Akampa Zamda kioo. Siti, nisimnyime mtu haki yake, lilikuwa jino zuri. Ungelitazama ungeshindwa kujua la Mungu lilipoishia na la daktari lilipoanzia. Ila mwanya haukuwepo.

Zamda alijitazama kwa muda, akapitisha ulimi, akapitisha tena, akashukuru kwa adabu, akashuka ngazi. Tukatembea mpaka Kariakoo bila neno. Nikajiambia ni ganzi.

Wewe hunihitaji kukueleza mwanya ule ni kitu gani. Ulikuwa wa mama, ukawa wako, ukamfikia yeye. Nakumbuka ulipokuwa msichana, vijana wa mtaa huu walivyokuwa wakipotea njia ya kwenda msikitini, wote wakipotelea mlangoni kwetu. Shemeji Safari alikuja mjini kununua baiskeli, akarudi kwao na wewe, baiskeli akaisahau. Sasa mimi, mjomba mtu, kwa maneno mawili ya kuchekesha nimeziba njia iliyokuleta mpaka huko.

Kijakazi alituona tu tukiingia. "Mwanya wa mtoto uko wapi?"

"Umezibwa."

"Kasema nani uzibwe?"

Nikamweleza habari ya watu wa bara na jirani zao na utani wote ulivyokwenda. Wifi yako akanitazama kama anatazama shati nililolishona mikono yote miwili upande mmoja. Hakugomba. Angegomba ningelala.

Siku zilizofuata ulimi wa Zamda ukawa hautulii. Ameshaingizwa ndani kama mwali, anapakwa liwa, anasuguliwa, anafundishwa, na muda wote unauona ulimi unakwenda pale mbele unatafuta, unarudi. Alikuwa anazungumza sasa, khanga ameishusha, lakini kwa sauti ya mtu aliyeazimwa mdomo. Na mimi nje barazani nikawa siwezi kushona mstari ulionyooka. Nilimshonea mteja mmoja kaptura, nikamfungia mifuko yote. Akaja kuuliza pesa ataweka wapi. Nikamwambia kwa hali ya sasa hana haja ya mifuko, akacheka, akaondoka nayo hivyo hivyo. Unaona? Hata hapo nilitania.

Kisha akaja shangazi yake Shomari kumtazama mwali, kama ilivyo desturi. Kijakazi ndiye aliyenisimulia. Mama yule alimwinua Zamda uso, akamsifu ngozi, akamwomba acheke kidogo. Zamda akacheka kile kicheko cha adabu. "Mashaallah, mtoto mzuri," akasema yule mama, "lakini sisi tuliyemposa alikuwa na mwanya." Wanawake wakaangua kicheko na yeye akacheka nao, ila, anasema Kijakazi, alicheka kwa jicho moja. Lile la pili lilikuwa linatembea kwenye milango ya vyumba, kama tumemficha mwingine. Wakati wa kuaga akasema Jumatano atakuja tena, na safari hii atakuja na bibi yake Shomari, aliyekwenda yeye mwenyewe kupeleka posa.

Siti, nilisikia hayo nikavaa kofia yangu nikaenda Mchafukoge mbio, kofia nyuma mbele.

Daktari Angelina akaniona mlangoni akadhani nimekuja kwa utani. Akaniambia, mzee, umeleta shikamoo yangu? Nikamwambia mwanangu, leo sina. Ule mwanya hatukutaka uzibwe.

Akavua miwani. "Mzee, ulisema ziba."

"Nilikuwa nakutania."

"Hata mimi nilikutania, habari za jirani na mpaka. Lakini mwanya nilikuwa nakuuliza."

"Sasa mimi ningejuaje utani umeishia wapi?"

"Na mimi je?"

Tukatazamana, watani wazima, kama watoto waliovunja mtungi. Kisha akanieleza taratibu. Wapo mabibi harusi wanaokuja wenyewe kuomba wazibwe mwanya, ndiyo maana hakushangaa. Kuufungua kunawezekana, kwa kusugua ile dawa kidogo kidogo na ule msasa mwembamba bila kugusa jino lenyewe. Lakini kazi ni mpya, imeshika mahali padogo, na kusugua kunatikisa. Ikibanduka, inabanduka yote, na vikopo vyake akanionyesha, vitupu, ameshavikwangua mpaka chini. Zamda angeolewa na jino lililovunjika, na daktari hana cha kumsaidia.

Nikamwambia basi fungua, nami nitabeba lawama. Akavaa miwani yake. "Hapana. Aje mwenyewe aniambie. Na safari hii, mzee, sitaki kuisikia sauti yako humu ndani."

Nikarudi nyumbani nikaomba ruhusa ya kuzungumza na mwali. Kijakazi akasimama mlangoni na mwiko mkononi kuhakikisha sitanii. Zamda amekaa kitandani, uso mweupe kwa liwa, macho tu ndiyo yanaonekana. Nikamweleza yote, msasa, hatari, vikopo vitupu, bibi wa Jumatano. Nikamwuliza, mwanangu, unataka ufunguliwe?

"Leo ndiyo umeniuliza, mjomba," akasema.

Sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

"Daktari amekuuliza wewe. Wewe umejibu. Shangazi yake Shomari anamwuliza mkazamjomba. Bibi anakuja kuuliza sijui nani. Mimi ndiye mwenye meno."

Nikaanza kusema, lakini mama yako akiuona umezibwa, ule ulikuwa wake. Akaniambia kwa upole, kama anamwambia mteja mkaidi, "Mjomba, nenda kashone. Nikikuhitaji nitakuita." Nikaenda. Nilikaa kwenye cherehani bila kitambaa, nakanyaga tu.

Nilijua atafanya nini? Sikujua. Niliwaza akiacha hivyo, bibi Jumatano atasema huyu siye, na maneno yatavuka na pantoni mpaka Kigamboni. Akienda likabanduka, tutarudi kule kwenye khanga mdomoni. Na mwali hatoki nje, kila mtu anajua. Usiku nilimsumbua Kijakazi kwa maswali mpaka akahamia chumba cha wageni, kwenye wageni.

Jana asubuhi nimekaa hapa hapa nilipo sasa, wakapita wanawake wawili wa baibui wametoka upande wa uani, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wamejiziba nyuso. Nikaona ni wazee wa heshima waliokuja kwenye shughuli. Nikasimama, nikavua kofia. "Shikamooni mama zangu." Yule mwembamba akaniitikia kwa sauti ya kikongwe, "Marahaba, baba, Mungu akukuze." Nikakaa nimeridhika kwamba angalau bado kuna watu wananiheshimu.

Walikuwa ni mke wangu na mwanao. Wamenicheka hiyo marahaba tangu jana na nadhani watanizika nayo.

Yaliyotokea Mchafukoge nasimulia kama nilivyosimuliwa. Zamda alikwenda na uzi, uzi wa pamba, kibaki cha mwisho tulichokuwa nacho, ameupitisha kwenye nta kama tunavyofanya kwa vifungo vya makoti, akaukunja mara mbili. Akamwambia daktari: nataka uzi huu upite hapa bila kukwama. Ukishapita, basi. Usizidishe. Kisha akaomba akae wima, ashike kioo yeye mwenyewe.

Daktari akasugua kidogo. Zamda akanyanyua mkono, daktari akaacha. Akapitisha uzi, haukupita. Akasugua tena. Wakaenda hivyo, Kijakazi anasema hajapata kuona kinywa kinashonwa namna ile, mmoja ana msasa, mmoja ana uzi, hawasemeshani. Katikati likalia, ta. Wote wakaganda. Kijakazi anasema alisoma dua zote anazozijua na nyingine asizozijua. Daktari akaingiza kile kioo chake, akatazama juu, akatazama chini, akagusa kwa ncha ya chuma. Ilikuwa punje ya dawa imeruka pembeni. Jino limekaa. Lakini daktari akatokwa na jasho, akamwambia Zamda, dada, tukiendelea siwezi kukuahidi.

Zamda akatazama kioo. Akasema, "Endelea."

Daktari akaendelea, sasa kwa mkono mwepesi kama wa mtu anayefuta vumbi kwenye yai. Mara uzi ukapita, mara mbili, juu mpaka chini. Daktari akasema bado kidogo ufikie pale ulipokuwa zamani. Zamda akaweka kioo chini. "Hapo hapo, daktari." Akaambiwa asitafune muwa, asikate uzi kwa meno maisha yake yote, na kama anataka kumpendeza daktari, asimlete mjomba tena.

Adhuhuri Kijakazi akaniita ndani. Zamda akasimama mbele yangu, hakuna liwa, hakuna khanga. Akacheka, si kile cha adabu. Nikatazama. Nikasogea, nikatazama tena. Upo, Siti. Mwembamba. Mwanga unapita, ulimi haupiti.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikasema, "Mbona mdogo hivi? Wa mama yako unapitisha punje ya mchele."

Hakukasirika. "Mjomba, mtu akikuletea gauni la mama yake, anataka limkae yeye, unafanyaje?"

"Nalipunguza."

"Hulitupi?"

"Hapana. Napunguza tu."

"Basi mwandikie mama. Mwambie sikuutupa. Nimeupunguza."

Nikaenda kutafuta kalamu, ndiyo hii.

Jumatano bibi yake Shomari anakuja. Nilimwuliza Zamda tutasema nini akihoji ukubwa wa mwanya. Akaniambia sisi hatutasema kitu, yeye ndiye atakayesema. Mimi nimepangiwa siku hiyo niwe Feri kununua samaki, asubuhi mpaka jioni, hata kama samaki watakwisha. Nimekubali. Lakini nakwambia ukweli, mguu bado unakanyaga, na huenda utakanyaga mpaka Alhamisi shehe atakapofunga kitabu.

Najua shemeji akishasimama mtakuja kumwona, na najua utamtazama mdomoni kabla hujamkumbatia. Usihangaike kuutafuta ukiwa mlangoni. Umo. Ila itakubidi usogee karibu naye.

Kijakazi anakusalimu sana, pamoja na Zamda, ambaye amesoma mpaka hapa juu ya bega langu na ameniambia nimeandika mengi. Shomari amenituma nimwamkie mkwe wake na kumpa pole ya mguu. Msalimie shemeji Safari, mwambie daktari wa kwao anamdai mjomba wa Kizaramo shikamoo moja. Mungu ampe nguvu za kusimama, akupe na wewe usingizi, na atukutanishe tukiwa na meno yetu yote yaliyobaki.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokukosea,

Mwinyimvua